Miaka Minne ya Kobia

Kobia alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni karibu na Nchiru. Miaka ishirini na minane alikuwa amepika githeri, mahindi na maharagwe, ya watoto mia sita, na hakuna aliyewahi kumwona akiogopa kitu. Lakini siku Makandi, msichana wa chuo kikuu, alipoingia jikoni na fomu za utafiti, jasho lilimtoka ambalo si la moto.

"Ni maswali tu, mzee," Makandi alisema. "Tunataka kujua watu wanajipanga namna gani kabla ya kustaafu."

"Wanajipanga kwa maombi," Kobia akajibu, na wapishi wenzake wakacheka.

Akaulizwa mwaka wa kuzaliwa, akataja ule wa kitambulisho, 1965. Akaulizwa alianza lini kazi ya mshahara. Hapo ulimi ukateleza.

"Themanini na tatu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ndio nimetoka kutahiriwa."

Kalamu ikasimama. Makandi akahesabu kimyakimya, midomo ikicheza.

Mambo yalikuwa hivi. Siku zile kijana akishatahiriwa, hata mama yake hathubutu kumwita mtoto. Kobia na wenzake wanne wa rika lake walienda kwa chifu kabla hawajazoea suruali zao mpya, maana kiwanda cha kahawa kilitaka watu wenye kitambulisho. Karani aliuliza swali moja tu: "Nyinyi ni wanaume?" Wakasema ndio. Akawaandikia wote miaka kumi na minane, wakarudi nyumbani wakiimba njia nzima.

Sasa Desemba angestaafu kama mzee wa sitini, na mwili wake una hamsini na sita. Murungi, kitinda mimba wake, alikuwa kidato cha pili.

"Jina lako haliandikwi hapa," Makandi akamnong'oneza. "Lakini huna karatasi yoyote yenye mwaka wa kweli?"

Alikuwa nayo. Kadi ya ubatizo ilikuwa kwenye sanduku la mkewe, Kaari.

"Ipeleke, Baba Murungi," Kaari alimwambia jioni. "Ama unaogopa karatasi kuliko moto?"

"Moto naujua."

Jumatatu akaipeleka kwa Nelius, karani wa shule. Nelius akaisoma mbele na nyuma, kisha akainuka akafunga mlango.

"Mzee, nikipeleka hii, swali la kwanza ni nani aliidanganya serikali. Wakianza kuchunguza, pensheni yako inasimama mpaka wamalize. Wanaweza kukuongezea hiyo miaka minne. Wanaweza pia kukunyima yote. Mimi sijui."

"Na nikinyamaza?"

"Unaenda nyumbani Desemba. Pesa kidogo, lakini zinakuja."

Kobia akamkumbuka mpishi aliyemfundisha kazi. Faili ya pensheni ya yule mzee ilipotea ofisini, ikatafutwa, ikatafutwa tena. Alikuwa akija langoni mwa shule saa saba na mkebe wa rangi uliooshwa, na Kobia ndiye aliyemtilia githeri iliyobaki. Mwanzoni alikuwa akitoa salamu kwanza. Baadaye alikuwa ananyoosha mkebe tu bila kumwangalia mtu. Kisha wiki moja hakuja, na hakuna aliyeenda kuuliza.

"Niambie, mzee. Niipige muhuri?" Nelius akauliza.

Miaka minne ilikuwa pale, karibu kiasi cha kuishika.

"Nirudishie," akasema. "Niletee ile barua ya kustaafu."

Akaweka sahihi polepole, herufi moja moja, akiogopa hata kalamu isije ikakosea.

Jikoni wenzake walikuwa wameshapata habari kwamba anastaafu. Mmoja akapangusa kiti kwa aproni, akamsogezea.

"Kaa, mzee wetu. Umechoka."

Kobia alikitazama kile kiti kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Kilikuwa kiti cha mzee wa sitini, na yeye alikuwa wa hamsini na sita. Hakukaa.