Mama Tukuswiga wa Nyumba ya Bartimayo, Aliyeifumbisha Mahakama Macho

Alizaliwa Isongole, wilayani Ileje, mwezi Juni mwaka 1966, msimu ambao ukungu huteremka milimani na kukaa uani kama mgeni asiyeaga. Baba yake, Gwamaka, alilima mahindi na maharage. Mama yake, Fides, alifanya biashara ndogo na ndugu zake wa upande wa Malawi. Kwa ubatizo aliitwa Lusia, lakini jina la nyumbani, Tukuswiga, ndilo lililomkaa. Surua ilimchukua macho kabla hajafikisha miaka minne. Majirani walimshauri Fides amfungie mtoto ndani asije akatumbukia mtoni. Fides akamkalisha mlangoni, kwenye jua, akampa ungo wa maharage. "Mawe yatoe wewe," akamwambia. "Sisi wenye macho tunayaacha mengi." Tangu hapo hakuna aliyeuma jiwe nyumbani kwa Gwamaka, na binti akaanza kuwauliza majirani wakipita njiani, "Kwenu jana mlitafuna mangapi?" Uchokozi huo haukumwacha hata alipokuwa mtu wa sala, nasi tunauandika kwa sababu ulikuwa sehemu ya neema yake. Kanisa halijatamka neno juu yake, wala sisi hatulitangulii; tunasimulia tu tuliyoyaona na kuyasikia.

Alisoma katika shule ya wasioona, akajifunza nukta nundu, akarudi kijijini mwaka 1987 akiwa msomaji wa Neno kigangoni. Wito wake, hata hivyo, ulimfikia Tunduma. Mwaka 1994 alikuwa akipita kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvukia Zambia, akasikia utingo akimfukuza mwanamke aliyekuwa akiomba. "Wewe Kipofu, toka hapo!" Tukuswiga alisimama. "Mimi pia ni kipofu," akasema. "Ukituita hivyo tutaitika wote. Dada, jina lako nani?" Mwanamke alilitafuta jina lake kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mbali, kisha akajibu, "Nesta." Usiku ule Nesta alilala katika chumba cha Tukuswiga, na hawakutengana tena. Mwaka 1999 Mzee Enoka, mfanyabiashara wa chumvi ya Ivuna, aliwapa kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wanajumuiya. Hapo ikajengwa Nyumba ya Bartimayo, ambamo wanawake wasioona walifuma masweta, wakasuka vikapu, na wakaimba kwa sauti iliyowafanya madereva wa malori wazime injini wasikilize.

Majaribu yalikuja baada ya Mzee Enoka kufariki. Mrithi wake, aliyeishi mbali, aliuza kiwanja kile kwa Sadoki, mtu mwenye malori aliyetaka mahali pa kuyaegesha. Sadoki alifungua shauri mwaka 2022 katika mahakama moja ambayo hatuitaji jina, kwa kuwa nayo ilitubu. Siku hizo wito wa mahakama uliwekwa kwenye tovuti, na mdaiwa akatumiwa ujumbe wa simu ili aingie ausome. Tukuswiga alikuwa na simu inayosema, ile ambayo ukigusa kioo inakutajia kwa sauti kilichopo chini ya kidole. Ujumbe wenyewe simu ilimsomea vizuri. Alipofungua tovuti, ikasema, "Picha. Kitufe. Kitufe." Ikanyamaza.

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lake ni la watu wa mpakani tu. Kila mkazi wa Tunduma anajua kwamba simu yake ikikaa vibaya hukamata mtandao wa Zambia na kuanza ukaidi. Tukuswiga akaamini hivyo hivyo. Akachukua fimbo yake, akapanda kilima upande wa Vwawa, mbali na mpaka, kuufuata mtandao wa nyumbani. "Picha. Kitufe. Kitufe." Kesho yake akapanda tena, juu zaidi. Nesta alimwuliza kama si bora wamtafute mwenye macho awasomee. "Tuwasumbue watu kwa kosa la Wazambia?" akajibu. Alipokuwa akipanda na kushuka kilima, siku ya shauri ikapita. Hukumu ikatolewa upande mmoja: Nyumba ya Bartimayo ihamishwe.

Wanawake walilia. Tukuswiga alisali, kisha akapeleka maombi ya kutengua hukumu. Siku ya kwanza mahakamani, askari wa mlangoni alimtaka aache simu, kwa kuwa ndivyo ilivyo sheria ya pale. Aliyewafundisha wengine utii alitii. Ndani akaambiwa asome ujumbe aliotumiwa kwenye simu, kisha atie saini. Hakuweza, na maombi yakaahirishwa. Alirudi nyumbani akamwambia Nesta, "Leo nimeingia mahakamani nimeyaacha macho mlangoni. Sitatii hivyo tena." Siku ya pili askari alinyoosha mkono. "Bibi, simu."

"Mwanangu, mheshimiwa hakimu anavaa miwani?"

"Anavaa."

"Na miwani yake huwa unabaki nayo wewe hapa mlangoni?"

Askari akaenda kuuliza, akarudi akamfungulia.

Wakili wa Sadoki alidai kwamba mdaiwa aliupuuza wito. Hakimu, mama mtu mzima aitwaye Aida, alimwuliza Tukuswiga kwa nini hakufika. "Mheshimiwa, nilisingizia Zambia," akajibu. "Leo nawaomba radhi." Watu wakacheka. Kisha akaomba ruhusa, akaufungua wito ule ule mbele ya mahakama. "Picha. Kitufe. Kitufe," ikasema simu.

"Endelea," akasema hakimu.

"Wito wangu umeishia hapo, mheshimiwa. Karatasi imepigwa picha, na simu yangu haisomi picha. Inasoma maneno yaliyoandikwa. Vitufe navyo mmevitengeneza, mkasahau kuvipa majina. Ukiitwa 'wewe, wewe', utajuaje kama ni wewe?"

Hakimu angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mtu anayetaka kuelewa anachokiamua. Akaiomba simu, akavua miwani, akafumba macho, akaanza kupapasa kioo akiitafuta kwenye tovuti ile hukumu aliyoitoa yeye mwenyewe. Aligusa hapa, akagonga pale, mara simu ikaanza kuita, na sauti ya Shadrack, mwalimu wa kwaya, ikajaa ukumbini. "Shikamoo mama. Mazoezi leo saa ngapi?"

"Marahaba," akasema hakimu, macho bado kayafumba. "Hapa ni mahakamani."

"Mungu wangu. Mama, wameshakufunga?"

"Bado," akajibu hakimu.

Ukumbi uliangua kicheko, na Sadoki mwenyewe alifuta machozi kwa mkono wa shati. Hakimu alipofumbua macho alisema maneno ambayo karani ameyahifadhi: "Mahakama hii ilimwita mtu kwa sauti asiyoweza kuisikia, kisha ikamhukumu kwa kutoitika." Hukumu ikatenguliwa. Shauri liliposikilizwa upya, mwenyekiti wa mtaa na wanajumuiya walisimama kuishuhudia zawadi ya Mzee Enoka, na Nyumba ikabaki mahali pake; mrithi akaamriwa amrudishie Sadoki alichopokea.

Mahakama haikuona haya kujifunza. Makarani na fundi wa tovuti walikwenda Nyumba ya Bartimayo, wakafungwa vitambaa usoni. Tukuswiga akaanza kwa kuwapa ungo wa maharage. Walipoacha mawe tele, akacheka, akawapa simu. Kidogo kidogo picha ziligeuzwa kuwa maandishi, na kitufe kimoja kimoja kikaanza kupewa jina lake. Mwaka uliofuata mtu alibisha hodi.

"Nani?"

"Mdai."

"Karibu, mdai. Safari hii unadai nini?"

"Simu inayosema, mama," akasema Sadoki. "Kisukari kimeniwekea ukungu machoni." Tukuswiga alimshika mkono akamkalisha, akamfundisha mpaka akaweza.

Alifariki Julai 2024 kwa homa ya mapafu, akiwa amezungukwa na wanawake wa Nyumba. Jioni ile alimwuliza Nesta kama kitufe cha mwisho cha tovuti ya mahakama kimeshapata jina. Nesta aliifungua, akagusa, na simu ikasema, "Kitufe: Kata rufaa." Tukuswiga akatabasamu. "Mimi sina rufaa," akasema, na hakusema tena.

Alizikwa Isongole. Waliohudhuria wanasimulia kwamba siku ile simu zote, ambazo pale hupenda kukamata mtandao wa Malawi, zilikamata wa nyumbani tangu ibada ilipoanza hadi kaburi lilipofunikwa. Wengine wanasema ni muujiza, wengine wanasema ni mnara mpya. Hatuna mamlaka ya kuamua. Tunalolijua ni kwamba katika mahakama ile, kabla ya wito wowote kutumwa, karani hufumba macho na kuusikiliza hadi mwisho. Nawe ndugu muumini, kabla hujabandika tangazo kigangoni ukaridhika kwamba umewaita wote, fanya kama yule karani. Fumba macho kwanza. Kisha uliza jina la yule ambaye hajaitika.