Mikopo Nisiyoihitaji

Watu hunisifu kwamba sidaiwi na mtu na bado kila mahali naaminika. Wanadhani ni malezi mema. Si malezi. Ni hasira. Ni hasira juu ya mtu mmoja, niliyoitunza karibu miaka yote ya tisini, nikailisha na kuinywesha, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilizaliwa ng'ambo ya soko la Silibwet, katika nyumba ambamo deni lilikuwa aibu kubwa kuliko ulevi. Baba alikuwa na ng'ombe wachache wake na wengi wa watu. Kwetu, mtu akikuamini anakuwekea ng'ombe wake. Unamchunga, unakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wake na ndama pia ni wake. Boma la baba lilijaa ng'ombe wa wengine, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Hakuna aliyemdai na hakuna aliyemnyima kitu. Nikakua nikiamini kwamba ukikaa bila deni, ukalipa kila kitu papo hapo, dunia nzima itajua wewe ni mtu wa kuaminika. Ujinga huo ulinikosesha shamba.

Niliolewa kwenye mwinuko ambako kila nyumba imezungukwa na chai. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kampuni moja kubwa upande wa Kericho, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Chai yetu niliitunza mimi. Hata namba ya mkulima iliandikwa kwa jina langu, jambo lililokuwa nadra, kwa sababu yeye hakuwa na subira ya kupanga foleni. Nilichuma, nikabeba kikapu hadi kituo cha kununulia chai, nikapimiwa, nikarudi kukama ng'ombe. Malipo ya mwezi yakiingia nililipa karo, nikanunua vitu vya nyumba, na kilichobaki nikaweka akiba kwenye Sacco ya wakulima, chama chetu cha akiba na mikopo.

Wenzangu waliishi kwa kukopa. Mwaka mzima walichukua sukari, unga na sabuni kwenye duka la mama mmoja aliyetoka mkoa wa kati na kuishi kwetu tangu usichana wake. Bonasi ya chai, yale malipo ya mwisho wa mwaka, ilipofika, waliishika tu wakiipitisha kwa yule mama. Mimi nilinunua kwa pesa taslimu. Pesa ikikosekana, tulikunywa chai bila sukari, na watoto walizoea.

Chini ya shamba langu, kati ya chai yangu na mto, palikuwa na ekari moja ya mwalimu mstaafu. Njia yetu ya kwenda mtoni ilipita humo, na hakuwahi kutuzuia. Alipoamua kuhamia kwa mwanawe Londiani akalime viazi, aliniambia anauza, mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akiba yangu ilitosha nusu ya bei. Nusu nyingine ningeikopa Sacco, mara moja tu maishani, nilipe na nimalize. Nililitaka shamba lile kiasi kwamba nilikuwa nachuma upande wangu huku macho yangu yakiwa upande wa pili wa mpaka.

Siku ya kuhojiwa na kamati ya mikopo ilikuwa siku ya malipo. Ofisi ilijaa hadi mlangoni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa jirani yetu, mzee wa kanisa, mwenye pikapu na sauti kubwa. Alisoma fomu yangu taratibu, kisha akainua macho.

"Mama, wewe umewahi kukopa hapa?"

"Sijawahi, mzee."

"Na kwa duka?"

"Hata kwa duka. Mimi sidaiwi na mtu."

Nilidhani nimejibu vizuri sana. Nilisimama wima nikingoja wanipongeze.

"Basi hatukujui," akasema. "Mtu mwenye anakopa na kulipa, huyo tunajua. Hata yule anakopa na kusumbua, tunajua vile atasumbua. Lakini wewe hata kiberiti hujawahi kuchukua kwa deni. Sasa unataka pesa mingi namna hii, nani atajua kama utarudisha?"

Watu wakacheka. Walikuwa watu wenye madeni hadi shingoni, na nadhani ilikuwa raha kwao kuona mtu asiye na deni akifukuzwa.

"Enda ujifunze kukopa kwanza, mama," akaongeza, na wakacheka tena.

Kicheko ningekisamehe. Lakini kabla ya mwezi kwisha, mwalimu alikuja kwangu ameinamisha kichwa, akaniambia ameuza, hakuweza kungoja zaidi. Mnunuzi alikuwa mwenyekiti. Fomu yangu ilikuwa imemweleza shamba ni lipi, ni la nani na bei ni ngapi. Alikuwa amenifukuza kwa mkono mmoja na kulichukua kwa mkono mwingine. Wiki iliyofuata akazungusha seng'enge, njia yetu ya mtoni ikafungwa. Tangu hapo nilikwenda kuchota maji kwa kuzunguka kupitia barabarani, na kila nilipozunguka nilimlaani, kwenda na kurudi.

Basi nikajifunza kukopa, kama alivyoniagiza.

Nilianzia dukani. Noti zangu nilizifunga kwenye kitambaa nikazitia kifuani, nikasimama mbele ya yule mama na kumwomba kilo mbili za sukari kwa deni. Akaweka kalamu chini.

"Wewe? Kwani mzee wako amefutwa kazi?"

"Hajafutwa. Wewe andika tu, mama."

Akaandika. Asubuhi yake, kabla hajamaliza kufungua milango, nilikuwa pale na pesa. Nilifanya hivyo tena na tena, mara sukari, mara mafuta ya taa, na pesa yote nikiwa nayo mwilini. Hakuelewa, nami sikumweleza. Nilichotaka ni mdomo wake. Kila mtu aliyechelewa kulipa alisomewa habari zangu.

"Muige yule mama wa juu," alikuwa akiwaambia. "Huyo analipa hata kabla sijasahau vile alichukua."

Kisha nikaenda Sacco kuomba mkopo wa dharura, ule mdogo kabisa ambao hauhitaji maswali mengi. Nikasema ni wa karo. Karo nilikuwa nimeshalipa. Nilipopewa zile pesa nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni nikazificha nyuma ya magunia ya mahindi, na kila mwezi nikatoa kiasi kile kile na kukirudisha kilikotoka. Riba niliilipa kwa pesa ya maziwa. Mume wangu aligundua mfuko siku alipokuwa akitafuta mtego wa panya.

"Unakopa pesa, unaificha, halafu unailipa?" akaniuliza. "Mama watoto, hiyo ni akili ya wapi?"

"Nanunua jina."

"Si uko na jina tayari?"

"Hawalijui."

Alitikisa kichwa akarudi kazini Kericho, na huko nadhani aliwaeleza wenzake kwamba mkewe ameanza kuchanganyikiwa. Riba iliniuma. Ilikuwa pesa yangu halali ya maziwa, nikilipa kwa ajili ya mkopo ambao haukuninunulia hata kijiko. Kila shilingi ya riba niliiandika moyoni kwa jina la mwenyekiti.

Nilipomaliza mkopo wa kwanza nikachukua wa pili, mkubwa kidogo, kisha wa tatu. Sikuchelewa hata mwezi mmoja, maana ningechelewaje na pesa yenyewe ilikuwa imelala nyumbani? Ulimwengu mzima uliniona mkopaji, na ukweli ni kwamba kila jioni nilifunga mlango nikiwa sidaiwi kitu nisichoweza kukilipa pale pale. Makarani wa Sacco wakaanza kunivutia kiti. Watu wakaja kuniomba niwe mdhamini wao, nami nikawadhamini wale tu niliojua wanalipa. Wengine niliwakatalia usoni. Wakanichukia, lakini wakaniheshimu. Hisa zangu zikakua, na jina langu likaenda mbele yangu mahali ambapo miguu yangu haikuwahi kufika.

Nilikuwa nangoja. Sikujua nangoja nini hasa, lakini nilimjua mwenyekiti. Mtu anayechukua cha jirani yake kwa wepesi vile hawezi kuwa anahesabu vizuri vya kwake. Pikapu yake iliharibika injini, akakopa kuitengeneza. Ikapinduka, akakopa tena. Kisha ukaja mwaka wa bonasi ndogo uliovunja nyumba nyingi, na yeye akashindwa kulipa. Kwetu, mkopaji akishindwa, Sacco hukata malipo ya chai ya wadhamini wake. Watu waliomdhamini wakaanza kupokea slipu za malipo ambazo hazikuwa na chochote. Wanawake walilia pale ofisini. Kamati ikamtoa. Kanisani watu walisogea mbali na benchi lake.

Njia pekee iliyobaki ilikuwa apewe mkopo mmoja mpya wa kufuta ile mikopo ya zamani, wadhamini wake waachiliwe, na alipe polepole. Lakini mkopo huo ulihitaji mdhamini mwenye hisa nyingi zisizofungwa na deni la mtu. Niliowadhamini mimi walikuwa wameshamaliza kulipa, hivyo mwinuko mzima mtu huyo alikuwa mimi peke yangu.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, pamoja na mkewe, wamebeba sukari na mkate. Niliwakaribisha vizuri, nikawapa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni. Akazungumza kuhusu mvua, akazungumza kuhusu ugonjwa wa ng'ombe, akawauliza watoto wanasoma darasa la ngapi. Nilimwacha azunguke, kama alivyonizungusha na maji.

"Mama," akasema mwishowe, "nimekuja kwako unisimamie kwa Sacco. Sina mtu mwingine."

Nilifurahi. Sitasema uongo.

"Niuzie ile shamba ya chini," nikamwambia. "Kwa bei ile ulinunua."

"Mama, bei ya siku hizi si kama ya..."

"Ile ulinunua, mzee."

Mkewe ndiye aliyejibu. "Muuzie," akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu.

Nililipa kwa akiba yangu ya pembeni bila kugusa hisa, pesa taslimu, sikukopa hata senti, na bei hiyo ya zamani haikufikia hata nusu ya madeni yake. Siku niliyokabidhiwa shamba nilikata seng'enge kwa mikono yangu, nikawatuma watoto mtoni moja kwa moja. Kisha nikatia sahihi ya udhamini, maana nilikuwa nimeahidi. Na kulikuwa na sababu nyingine. Mdhamini ana haki ya kuuliza. Kila siku ya malipo nilisimama nje ya dirisha la Sacco, na alipotoka nilimuuliza kwa sauti ambayo foleni yote ingesikia.

"Mzee, umelipa?"

"Nimelipa, mama."

Nilikula mshahara wangu pale. Hakuna bonasi iliyowahi kunishibisha kama maneno hayo mawili, "nimelipa, mama," kutoka kinywani mwake mbele ya watu.

Lakini alilipa. Hilo sikulitarajia. Aliuza pikapu kwa bei ya vyuma chakavu, akauza mbuzi. Mkewe akawa anachuma chai ya watu kwa kibarua, na yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, akaonekana na kikapu mgongoni kwenye foleni ya mizani kama sisi wengine. Hakuruka mwezi hata mmoja. Mwezi wa mwisho alinijia kabla sijafungua mdomo.

"Nimemaliza, mama. Mungu akubariki."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko siku aliyofunga njia, kwa sababu sasa sikuwa na swali la kumuuliza.

Mkutano wa mwaka wa Sacco ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Tulipewa chai na mkate kama kawaida, kisha ukaanza uchaguzi wa kamati. Mtu mmoja wa nyuma akasimama akapendekeza jina la yule mwenyekiti wa zamani, akisema mtu aliyeanguka na kuinuka anajua njia zote mbili. Msimamizi akauliza nani anaunga mkono.

Ukumbi ukanigeukia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kwetu, mdhamini aliyeona deni la mtu tangu mwanzo hadi mwisho ndiye anayejulikana kuwa anamjua mtu huyo, na neno lake linatosha. Ningeinua kidole kimoja tu, mikono mingine ingepanda. Yeye pia alinitazama, na mkewe, aliyekuwa ameketi mbele yangu, akageuka kabisa kwenye kiti. Nilijua alikuwa amelipa kila senti. Nilijua alistahili kuaminiwa, na ndani ya ukumbi ule hakuna mtu aliyejua hivyo kwa hakika kama mimi.

Nikashika kikombe kwa mikono yote miwili, nikanywa.

Msimamizi akauliza mara ya pili. Akangoja. Kisha akasoma jina linalofuata. Chai ilikuwa imeshapoa, lakini niliinywa yote.