Ule Mutu Yako

Kiswahili kilinilea, kisha kikanificha. Ukisema "nimempenda mtu", hakuna atakayejua kama mtu huyo huvaa sketi au hunyoa ndevu. Anapiga simu, anacheka, amenuna, ananitesa: yote yanapita bila kuulizwa kitambulisho. Kifaransa hakina huruma hiyo. Huko lazima uchague, "il" kwa mwanamume, "elle" kwa mwanamke, kabla hujavuta pumzi. Na sisi Wakongo wa Bukavu hatujui kusema sentensi tatu bila kuchomeka Kifaransa katikati. Nilipaswa kuliona hilo mapema.

Naishi na mama yangu Schaerbeek, hapa Brussels, juu ya duka la mikate la Waturuki. Nyumbani Bukavu mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkali wa sarufi ya Kifaransa. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja upande wa Woluwe. Nawaosha wazee na kuwageuza vitandani. Kwa miaka mingi nilimwambia mama kwamba kuna mtu nampenda, ila mtu huyo hanitaki. Ilikuwa kweli tupu. Mama akamwingiza katika sala zake za jioni, kati ya wagonjwa na marehemu: "Na mukwe yangu, Bwana, ulainishe roho yake."

Mkwe mwenyewe alikuwa mwanamume wa Lubumbashi niliyefanya naye kazi wodi moja. Asubuhi tulipanda basi pamoja, yeye akinisinzilia begani, mimi nikikaa wima nisimwamshe. Wahenga wanasema kipendacho moyo ni dawa. Nadhani hawakuwahi kupanda basi lile. Siku nilipojikaza nikamwambia, tukiwa kituoni, chini ya ile mvua ya Brussels isiyo na haraka, hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinishika mkono kama kaka yake mkubwa, akasema, "Yaya, mi nakupenda sana, mais pas comme ça." Lakini si hivyo. Kisha akanipa nusu ya mwavuli wake, na basi likaja.

Akaoa msichana kutoka Liège. Nilialikwa, na mama akaalikwa, maana ukialika Mkongo mmoja umealika ukoo. Mama alivaa kitenge kipya, akacheza, akasifu sombe, kisamvu cha kwetu. Bwana harusi alipopita mezani kwetu, mama alimshika mashavu akambariki. Sala zake zilikuwa zimejibiwa: roho ililainika, ila kwa mwingine. Halafu akaona sijagusa kuku wangu, akaniinamia sikioni.

"Na wewe, ule mutu yako atakubali siku gani? Ona benzako."

Mtu wangu alikuwa mbele yetu pale, akilishwa keki. Nilimwambia mama nadhani hatakubali tena. Akanisugua mgongo mpaka wimbo ukaisha, na mimi nikamchukia bure, maskini, kwa huruma aliyokuwa akinipa.

Baada ya hapo nilikauka. Nilifanya kazi, nilikula, nililala. Majira ya baridi jua la huku huaga kabla watu hawajatoka kazini, na mwaka ule sikuona tofauti.

Ndipo asubuhi moja muuguzi akaniita nikatafsiri. Alikuwa ameletwa Mtanzania, mlinzi wa ofisi moja karibu na kituo cha Schuman, ameteleza kwenye barafu na kuvunjika mkono, na Kifaransa chake kiliishia kwenye "bonjour". Nikamuuliza anaumia wapi. Alinisikiliza, akatabasamu katikati ya maumivu.

"Kaka, hicho Kiswahili chako kimevunjika kuliko mkono wangu."

Nilicheka hadi muuguzi akanitazama. Siku aliyorudi kutolewa plasta, aliniuliza natoka kazini saa ngapi, na hakuuliza kama mtu anayetaka kujua saa. Nilikubali kwa hofu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishtuka kila aliponigusa bega, wiki baada ya wiki, mpaka nikazoea.

Jumamosi moja alasiri mama alikuwa mezani akichambua sambaza, vile visamaki vikavu vya ziwa letu. Akaniangalia ndevu nilivyozinyoa.

"Ule mutu yako amekubali?"

"Hapana, mama. Ni mwingine."

Mikono yake ikasimama. "Aksanti Yesu. Anafanyaka kazi gani?"

"Anachungaka mulango ya bureau, kule Schuman. Ni Mutanzania. Alivunjika mukono, njo tulijuana kule hospitali."

"Mwanamuke kuchunga mulango, na hii baridi. Maskini."

"Iko mutu muzuri, mama. Leo iko repos, haiko ku kazi, alors il m'a dit..."

Il. Nilitaka kusema "aliniambia" tu, na mwanamume akatoka humo. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mama hakuinua uso. Kwa sauti ile ya darasani, akasema, "Elle. Elle m'a dit."

Nilimwelewa. Alikuwa amenifungulia mlango wa nyuma. Maisha yangu yote amenisahihisha, nami nikarudia alivyosema. Ningerudia tu mara moja zaidi, tungekula sambaza kwa amani, na jioni mkwe angeombewa. Niliogopa, kwa sababu sina nyumba nyingine duniani ila pale alipo mama. Lakini nilikumbuka ile harusi, mama akiniuliza habari za mtu ambaye alikuwa ametoka tu kumbariki, nikaona sitaweza kuyarudia yale.

"Hapana, mama," nikasema. "Il."

Alimaliza kuchambua samaki wote. Akanawa mikono, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Hakunifukuza. Nilikuwa hata nimeshafikiria nichukue sanduku gani. Alichofanya ni kuacha Kifaransa. Mama huyu asiyeweza kuomba chumvi bila "alors" akawa ananisemesha Kiswahili kitupu, polepole, kama anayevuka sakafu yenye maji. Katika sala, mkwe hatajwi tena. Wagonjwa wapo, marehemu wapo. Pale katikati anameza mate, anaendelea. Mimi huenda kwa mtu wangu, napendwa, kisha narudi nimeficha furaha yangu kama kitu cha wizi. Mtu wangu hajawahi kupanda ngazi zetu. Kuna siku najuta, nasema ningerudia lile neno la mama yakaisha.

Juzi theluji ilianguka. Tulikuwa tunakula. Mama alitazama dirishani.

"Ule mutu yako," akasema, "mukono yake inamuuma na hii baridi?"

"Inamuuma kidogo, mama."

Alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani.

"Bon," akasema, Kifaransa chake cha kwanza kwangu tangu siku ile, akaendelea kula.