Bunduki Nyepesi

Mkufunzi wetu hakunipenda, nami sikumpenda. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye mafunzo ya kuongoza wawindaji, na kila nilipomwamkia alijibu akiwa ameshanipa mgongo.

Siku ya kujaribu bunduki za nyati alitupeleka uwanja wa shabaha nje ya mji. Wenzangu walipewa bunduki nzito, za kuchosha mkono kabla hujafyatua. Lakini uzito ule ndio unaopunguza teke la bunduki begani. Mimi alinipa nyepesi, ya risasi zilezile, na kitako chake kimebanduliwa mpira wa kukinga bega.

"Hii itakufaa," alisema. "Nyie wanawake vizito hamviwezi."

Wenzangu walielewa anachofanya. Wakageuka kutazama Mlima Meru.

Nilifyatua. Kitako kilinigonga hadi meno yakagongana, nikaonja damu.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena, na tena, mpaka vidole vikafa ganzi.

"Ukishindwa sema."

Nikaingiza risasi nyingine.

Nilipofika nyumbani Elerai nilimkuta mama, ameshuka na ndizi kutoka shambani. Nilipokuwa nabadilisha nguo akaliona bega langu, limevimba na kuwa jeusi. Hakuniuliza. Alienda moja kwa moja sebuleni kwa mume wangu.

"Shikamoo mama," mume wangu akasema.

"Usiniamkie! Umempiga mwanangu?"

"Ni bunduki, mama," nikadakia.

"Bunduki inapiga watu kwa nyuma? Unamficha!"

Akaondoka bila kugusa chakula. Mume wangu naye akanigeukia. "Acha hiyo kazi. Kesho ukoo mzima utajua mimi ni mpigaji."

"Siachi," nikamjibu.

Asubuhi, siku ya mtihani wa shabaha, mkufunzi akanisogezea bunduki ileile. Nikaiweka mezani mbele yake.

"Anza wewe, mwalimu."

"Mimi sifanyi mtihani hapa."

"Basi nipe nzito, kama wenzangu."

Akakataa. Mwenzetu mmoja, ambaye hata salamu tulikuwa hatupeani, akanipa ya kwake kimya kimya. Niliiegemeza vizuri begani juu ya maumivu, nikafyatua. Ilinisukuma kwa nguvu, kama ng'ombe anayetaka kupita, lakini sikuyumba. Risasi ikaingia katikati ya shabaha.

"Bahati," mkufunzi akasema, akatema mate chini.

Nilifaulu. Siku hizi naongoza wageni porini, na tukikutana mjini mkufunzi huvuka barabara. Mume wangu amezoea safari zangu. Mama bado hamwamini.