Kisima Kilichosuguliwa kwa Majivu

Mama mkwe wangu hakuwahi kumpokea mgeni na uwanja mchafu. Hata mtoza kodi alifagiliwa uwanja, nami nikinung'unika moyoni kwamba mtu wa namna ile anastahili matope. Kwa hiyo chifu alipotangaza kwamba bwana afya atakuja Lurujo kutoka Arua kupima maji ya kisima chetu, mama aliwaita wanawake wote wa kijiji.

Mimi nilikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Alikuwa anahara, anapona, anahara tena, na pale zahanati ya Koboko waliniambia ni maji. Ng'ombe walikunywa pale pale tulipochota. Maji yakionekana mabaya, tungejengewa kisima cha saruji. Miaka ile saruji ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulishaisahau.

Tulichota maji yote tukayamwaga. Tukasugua mawe kwa majivu, tukaziba njia ya ng'ombe kwa miiba, huku tukiimba.

"Mugeni hawezi kukuta uchafu kwetu," mama alisema, na hakuna aliyembishia. Mgeni ni mgeni.

Bwana afya alikuja na vichupa vilivyochemshwa na kasha la barafu. Alivijaza maji, akatushukuru kwa mapokezi, akaondoka. Aliporudi na majibu, alikuwa anatabasamu.

"Maji yenu iko safi kabisa."

Tukapiga vigelegele. Saruji ikapelekwa kijiji kingine. Miiba tukaitoa, maana ng'ombe nao wana kiu.

Mwanangu alikufa mvua zilipoanza. Nililia mpaka sauti ikakauka, na hata leo nikisikia vigelegele vya arusi naumia kwanza, ndipo nafurahi. Bwana afya alikuwa Koboko kikazi siku ya mazishi. Aliposikia habari akaja, akaketi mkekani na wanaume. Mama mkwe akamletea kikombe cha maji kwa magoti, kama ilivyo heshima. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na unyasi ukielea juu.

"Mama, hii maji umetoa wapi?"

"Kisimani. Ile siku ulikuja, tulikusafishia. Leo hatukusafisha."

Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa, wala hakukiweka chini, mpaka walipomaliza kulifukia kaburi.