Jeshi la Halake Halihesabiwi

Mwaka ule uliofuata mvua za Elnino, ungemkuta Halake kila asubuhi akisukuma mkokoteni wa maji kwenye matope ya Garsen, uso kaukunja utadhani maji yamemtukana. Zamani alikuwa mfugaji, na mfugaji wa Kiorma hasukumi kitu; hutembea nyuma ya ng'ombe wake, fimbo mabegani, akijiona mwenye dunia. Kisha Mto Tana ukafurika, homa ya mifugo ikaja nyuma ya mafuriko, na zizi lake likabaki tope tupu. Aliyemuuliza habari za ng'ombe alijibiwa neno moja tu: "Hawapo." Baada ya hapo Halake hunyamaza siku nzima.

Kilichomrudishia ulimi ni mchezo wa askari wa plastiki. Cheka ukitaka; hata Kadzo, mwanamke aliyewapa meza ya kuchezea, alianza kwa kucheka.

Askari hao waliachwa na kijana mmoja wa Kizungu, mtu wa misaada, alipopata nafasi ya kuondoka kwa helikopta. Boksi lake alimwachia Abdirizak, Msomali mwenye duka la sukari na mchele. Ndani mlikuwa na askari wadogo wa kupangwa mezani, dadu, na kitabu kinene cha Kiingereza kinachoeleza viumbe hao ni kina nani, wametoka sayari ipi na wamepigana na nani. Maji ya mafuriko yalikuwa yamekionja kitabu, kurasa nyingine zikageuka uji. Abdirizak, aliyemaliza kidato cha nne na hakuacha mtu asahau, ndiye aliyesoma na kufasiri.

Alasiri, kazi zikilegea, yeye na Halake, aliyemletea maji dukani, walikutana kwa Kadzo, fundi cherehani wa Kigiriama, kwa sababu yeye pekee alikuwa na meza pana ya kukatia vitambaa. Aliwaruhusu kwa dharau. Mwezi haukuisha, naye akawa mbishi kuliko wote kuhusu vita vya nyotani.

Halake alichagua Wavorani, mashujaa wa mikono minne waliosifiwa kitabu kizima. Aliwapenda kwa kuwa ni warefu, wembamba, na hawacheki.

"Sheria inataka kila mtu ataje idadi," Abdirizak alimwambia siku ya kwanza. "Wako wangapi?"

"Wapo."

"Najua wapo, nawaona. Wangapi?"

"Mtu hapana hesabu yake," Halake alisema. "Ukihesabu, unaita baya."

Abdirizak alitaka kubisha, akakumbuka babake mwenyewe hakuwahi kuhesabu ngamia wake, akatulia. Ikakubaliwa Kadzo amhesabie kimyakimya. Siku moja Kadzo akamficha askari mmoja chini ya kitambaa ili amjaribu. Halake aliitupia meza jicho moja tu. "Yule ya kovu shingoni, iko wapi?" aliuliza, na Kadzo akamtoa, kashindwa kujizuia kucheka.

Sasa, mgogoro wao mkubwa ulikuwa huu. Kitabu kilisema jua la Wavorani lilizimika, sayari yao ikaganda. Majirani zao wakawapelekea vyombo vya angani wahame. Ukurasa unaofuata ndio ulioliwa na maji. Je, walipanda au walikataa?

"Walikataa," Abdirizak alisema kila mara. "Shujaa hapandi chombo cha msaada. Walikufa wamesimama."

Siku moja, kwa mara ya kwanza, Halake alikubaliana naye, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kadzo alimtazama. Alijua kilichotokea asubuhi ile, maana Kuno, binamu yake Halake, alisimama mlangoni pake kuulizia njia, na wakati wa kurudi akamsimulia yote. Kuno alikuja kumwambia kuwa ndugu wamemtengea mtamba. Ndiyo desturi ya kwao: aliyepotelewa na mifugo hutolewa ng'ombe na ndugu, aanze tena. Kesho alfajiri kundi linahamia malisho ya mbali, na mtamba anamsubiri. Halake alimjibu kwamba yeye si maskini wa kuombewa.

"Abdirizak," Kadzo alisema, "hebu fungua kule mwishoni. Ile vita ya lango jekundu."

Abdirizak akafunua.

"Nani wanapigana?"

"Wavorani."

"Ni baada ya jua kuzimika, ama kabla?"

Abdirizak alisoma, akarudia kusoma. "Baada. Miaka mingi baada."

"Basi, kaka, kama walikataa wote, hawa wamezaliwa na nani?"

Abdirizak akaanza kutunga: labda wachache walijificha, labda pangoni. Hakuna aliyemsikiliza. Halake alikuwa amemshika yule askari mwenye kovu, akimgeuzageuza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na kitu ambacho hakukisikia tangu mafuriko: alitamani kuishi kama mtu wa kwao.

"Walipanda," alisema hatimaye. "Mkubwa yao aliona haya. Aliona haya sana. Lakini alipanda."

Akamrudisha askari mezani. "Dada Kadzo, hii usitoe. Na mkokoteni angalia."

Alimkuta Kuno penye kundi, nje kidogo ya mji. Kuno hakumkumbusha maneno ya asubuhi. Alinyoosha fimbo tu kuelekea mtamba mmoja wa hudhurungi mwenye baka jeupe kwenye paji. Halake alimzunguka, akamshika nundu, akamnong'oneza jina. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alfajiri akaondoka na kundi.

Mvua zilipita. Alasiri moja Halake aliingia kwa Kadzo, vumbi hadi magotini, fimbo mabegani. Wavorani walikuwa bado wamesimama pembeni mwa meza. Kadzo alikuwa akikata vitambaa kwa kuwazunguka. Abdirizak alimsogezea kiti. Alijua vizuri, kama Garsen nzima ilivyojua, kwamba Halake ana mtamba mmoja, basi. Hata hivyo alimuuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mfugaji yeyote.

"Ng'ombe je?"

Halake aliketi, akaiegemeza fimbo ukutani, akachukua dadu.

"Wapo," alisema.