Mfuko wa Dada Claudine

"Nani ameugusa mfuko huu?"

Kocha aliuliza hivyo Jumapili asubuhi, katikati ya barabara, mbele ya watu labda mia mbili, na jibu nilikuwa nalo mdomoni lakini sikulitoa. Mnanijua kuwa mtu wa maswali (mama husema nilizaliwa nikimhoji mkunga), kwa hiyo naona haya kuwaambia kwamba swali jepesi kuliko yote niliyowahi kusikia ndilo lililonishinda.

Dada yangu Claudine ana sindromu ya Down. Ananizidi miaka minne, ingawa nyumbani kwetu Kimisagara sote, mimi wa kwanza, tulimfanya kama ndiye mdogo. Tangu utotoni misuli yake ilikuwa laini na viungo vimelegea, na akipanda ngazi za mtaani kwetu alipumzika mara tatu kabla ya kufika. Kisha akaja kocha Fidèle, mtu aliyekulia Bujumbura, akaanzisha mazoezi ya kunyanyua vitu vizito kwa vijana wenye hali kama yake. Vyuma hakuwa navyo. Alishonesha mifuko ya turubai yenye mishikio miwili, akaijaza mchanga, na kila baada ya wiki chache akaongeza kopo moja. Miezi minane baadaye Claudine alizipanda ngazi zile bila kusimama, akanisubiri juu huku mimi nahema.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliomba ushahidi. Nilimwuliza kocha anajuaje kwamba ni mazoezi na siyo makofi ya wenzake yanayomnyanyua, wako wapi wasiofanya mazoezi ili tulinganishe, na shingo je, maana nilikuwa nimesoma kwamba baadhi ya watu wenye hali hii mifupa ya shingo huwa haijashikana vizuri. Alinieleza kwa subira kwamba kila mmoja alipimwa hospitali kabla ya kuanza, kwamba misuli ya Claudine inachelewa kujengeka lakini inajengeka kama yangu, ila tu mzigo uongezwe polepole na usikatizwe. Nikauliza tena. Akachoka.

"Profesa, uje uunyanyue weye kwanza, halafu tuongee."

Kikundi kizima kilicheka, na Claudine akacheka kuliko wote. Sikuusahau ule mcheko.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja mwenye karakana ya viti na vitanda kule Gisozi, aliyemwambia kocha kwamba anahitaji mtu wa kubeba mbao na viti vilivyokwisha kupakwa rangi. Akasema atakuja Jumapili ile magari yanapofungiwa barabara na watu kutoka kufanya mazoezi, na kama kweli huyu binti anaweza kuunyanyua mfuko wake hadi juu ya kichwa, basi Jumatatu aanze. Ingekuwa kazi ya kwanza ya maisha yake. Mama alimshonea aproni ya bluu, na wiki nzima Claudine alishinda nayo, hata mezani.

Jumamosi mchana nilibaki nyumbani peke yangu na ule mfuko, ambao Claudine alikuwa amekuja nao kwa ajili ya kesho yake. Nikajiambia nitapunguza mchanga nusu tu, kwa siri, nione kama kocha atatambua (asipotambua, basi haoni kitu ila anachotaka kuona), na papo hapo nitakuwa nimeilinda shingo ya dada. Mpaka leo sijui sababu ipi ilikuwa ya kweli. Lakini mfuko wenye nusu ya mchanga ukalegea kama tumbo la mtu mwenye njaa, ungejulikana kwa mbali, nikaenda kwa jirani afugaye kuku nikaomba maranda anayowatandikia, nikajazia, maranda yakakaa upande mmoja na mchanga upande mwingine, mfuko ukapinda, basi nikamwaga mchanga wote nyuma ya nyumba na kuujaza maranda matupu. Nikashona. Ulipendeza kabisa, kama mfuko wa mtu mwenye nguvu.

Asubuhi Claudine alitaka kuubeba mwenyewe. Nikamkatalia, nikasema asichoke kabla ya wakati, nikautwika begani, na njia nzima nilitembea nimeinama, nikihema na kusimama kila baada ya hatua kumi kufuta jasho ambalo halikuwepo. Alinionea huruma. Alinishika mkono wakati wa kuvuka mfereji.

Vijana wa kikundi walinyanyua mifuko yao mmoja mmoja mbele ya watu, na ilipofika zamu yake, mzee wa karakana alisimama mbele kabisa, mikono nyuma. Nilimwona Claudine akikaza aproni, akiinama na kuishika mishikio, akisema jambo na kocha, wakicheka wote wawili. Kisha akakunja magoti kama alivyofundishwa, akavuta pumzi, akaunyanyua kwa nguvu zote za miezi minane.

Mfuko uliruka. Ulipita kifua, ukapita kichwa, ukamvuta nyuma naye akaanguka kwa makalio kwenye lami, mshono wangu ukafumuka na maranda yakamwagika juu ya nywele zake, mdomoni, kwenye aproni yote.

Kisha kicheko, na mtu akasema nyuma yangu, "Kumbe iko maranda. Hata bibi yangu angebeba." Mwingine akasema watoto wa watu wanafanywa sinema. Kocha alishika ule mfuko mtupu akauliza swali lake, akatuangalia mmoja mmoja, na nilipofikiwa niliangalia viatu. Mzee wa karakana hakukasirika. Alijipangusa suruali na kusema taratibu, "Maranda ninayo ya kutosha Gisozi," akaondoka.

Claudine alikuwa bado amekaa chini akisugua kifundo cha mkono. Hakulia. Alikuwa akiokota maranda na kuyarudisha mfukoni, konzi kwa konzi.

Hakurudi tena mazoezini. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao wakisema kocha ni mwongo, na kikundi kikafa kabla ya mvua. Nguvu nazo hazikumsubiri. Baada ya miezi michache alianza kupumzika tena kwenye ngazi, mara moja, kisha mbili, na leo ni tatu kama zamani. Ushahidi niliokuwa naudai nikaupata hivyo, nikimwona akishikilia ukuta. Claudine nilimwambia ukweli mwezi uleule alioanguka. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kulala chumbani kwa mama, na siku tisa hakunisemesha. Kuuliza sijaacha, ila nimeapa sitampima tena mtu bila yeye mwenyewe kujua kwamba anapimwa.

Kocha ilinichukua miaka miwili kumkabili. Nilimkuta Kabuga, anauza viatu vya mitumba, nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye jua. Alianza kupanga viatu vilivyokuwa vimekwisha kupangwa. Kisha akaniambia walichokuwa wakichekea siku ile. Claudine alikuwa ameuvuta mfuko kidogo, akamwambia, "Kocha, ni mwepesi," naye, akidhani ni furaha tu, akamjibu kwamba mfuko ni uleule, ni yeye ndiye amekuwa na nguvu.